Mnyang'anyi Mwenye Tai

Kujihesabia haki ni dhambi ya watu wenye adabu nzuri, na mimi niliibeba miaka mingi nikidhani ni sifa.

Ijumaa Kuu moja hapa Bariadi, usharika wetu uliigiza mateso ya Bwana Yesu katika uwanja wa kanisa. Igizo nililiandika mimi, mzee wa kanisa. Aliyepangiwa kuwa mnyang'anyi, yule mfungwa aliyeachiliwa huru Bwana akafa mahali pake, alikuwa amekwenda msibani Kiloleli. Kwa kuwa maneno yote niliyajua, nafasi hiyo iliniangukia. Niliikubali kwa sharti moja: sivui koti wala tai.

Askari wawili walinifunga kwenye nguzo kwa kamba ya maksai wa kulimia, na fundo lao lilikuwa la watu wanaowajua maksai. Liwali, ambaye siku za kawaida ni muuguzi, akawageukia kina mama wa kwaya waliokuwa umati.

"Niwafungulie yupi?"

Walipaswa kupaza sauti wakimtaka mnyang'anyi. Wakatazamana. Kisha mmoja, ambaye Jumapili iliyotangulia nilimfungia geti kwa kuchelewa dakika tatu, akasema, "Huyu mwenye tai? Yaya! Abaki hapo hapo."

"Yaya! Yaya!" wakaitikia wenzake, wakikataa kwa Kisukuma safi kufunguliwa kwangu, sauti ya kwanza na ya pili zikipatana kama ambavyo hazijawahi kupatana mazoezini.

"Mayu," nilimsihi, nikimwita mama kwa heshima ya Kisukuma, "igizo haliwezi kuendelea."

"Litaendelea tu, baba. Mbona umependeza!"

Vidole vilianza kufa ganzi. Nikaamua kujitetea. Niliutangazia umati kwamba sinywi pombe, sisengenyi, na tangu nihamie mjini sijawahi kukosa ibada.

"Mzee," liwali akaninong'oneza, "wewe ni mnyang'anyi. Kuwa na kosa ndiyo kazi yako."

"Sina kosa!" nilifoka.

"Haya," akasema yule mama, "kama hana kosa, Yesu wetu anakufa kwa ajili ya nani? Si arudi nyumbani akale!"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi, niliyefundisha darasa la kipaimara kwamba Kristo alilipa adhabu isiyo yake, niliinamisha macho kwenye tai yangu. Somo lile nilikuwa nikilifundisha kama linalowahusu wengine tu.

Hapo Yesu akasogea. Alikuwa fundi baiskeli wa karibu na stendi, ambaye nilipinga apewe sehemu hiyo kwa sababu mikono yake haitakati grisi. Kwa mujibu wa igizo alitakiwa kukaa kimya.

"Mama zangu, muacheni," alisema. "Mimi ndiye wa kufa leo. Nifungeni mimi."

Fundo likakataa vidole vyake. Akapiga magoti, akalifungua kwa meno, kisha akawanyooshea askari mikono yake. Wakamfunga kwa kamba ile ile, ikiwa bado na joto langu.

Nilisimama pale, huru, bila hoja hata moja iliyoniweka huru. Igizo langu halikuwa na maneno ya kushukuru. Nilipoliandika sikuona kama mnyang'anyi angeyahitaji. Ilinibidi niyabuni papo hapo, mbele ya kwaya nzima:

"Asante sana, fundi baiskeli."