Koili ya Akiba

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mke wangu. Kwetu Tabora ndivyo ilivyo, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na wakikutana hakuna cha shikamoo, ni kuchokozana tu. Asubuhi nikipita mlangoni kwake namwuliza, "Mke wangu, umeamkaje?" naye anajibu, "Nimeamka na njaa, si niliolewa na mvivu." Tuliishi hivyo Chemchem, yeye na mimi na mama, tangu baba afariki. Hata kwenye matanga ya baba tulitaniana, wageni wakalia na kucheka kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba alituachia gari dogo jeupe, rangi imebabuka kwenye boneti kama mtu aliyeungua kwa uji. Lilikuwa na kazi moja kubwa, kumpeleka bibi kliniki. Nyonga yake ilivunjika akianguka uani, na tangu hapo hawezi kukaa wima muda mrefu. Tunalaza kiti cha mbele, anaegemea mito, tunakwenda. Kwenye basi hawezi kupanda, na pikipiki ndiyo usiseme.

Injini ya gari lile ina plagi nne, na juu ya kila plagi imekaa koili yake, kidude cheusi chenye kichwa na mguu wa mpira. Koili ndiyo inayoipa plagi moto. Ikifa moja, injini inabaki inavuta kwa tatu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na kwenye mlima inakata tamaa kabla yako. Mafundi wanasema gari linamisi. Baba aliliogopa sana jambo hilo, maana koili za gari lile hazipatikani kila siku. Kwa hiyo alinunua moja mpya kwenye duka la spea mtaa wa Mtendeni, akaiweka ya akiba, ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Kila Jumapili akitoka kanisani alilishusha. Hakuwa analifungua. Alilipima kwenye kiganja, akaridhika, akalirudisha.

Sasa nitasema nilichofanya, kwa sababu bila hicho hakuna habari hapa. Baba alipolala kitandani ule ugonjwa wa mwisho, mimi niliishusha ile koili nikamuuzia dereva teksi mmoja pale stendi. Nikanunua raba nyeupe. Kwenye boksi nikaweka koili mbovu niliyoiokota kwenye kopo la vyuma chakavu, uzito uleule. Nilijiona mjanja kuliko walimu wangu wote wa shule ya msingi, na baada ya hao sikuwa na wengine. Nilisema nitanunua nyingine kabla hajainuka. Hakuinuka. Siku chache kabla hajafa alimwita bibi, akampa boksi mbele yangu. Akasema, "Mama, itunze hii. Siku ya shida mpe huyu mpumbavu aifunge." Bibi akalipokea kwa mikono miwili.

Akaenda kulihifadhi kwenye sanduku lake, limefungwa ndani ya kipande cha kanga. Hicho kipande nacho kina habari yake. Bibi alikuwa na mdogo wake, ameolewa Usoke kwa wakulima wa tumbaku. Walipokuwa wasichana walinunuliwa doti moja ya kanga, wakaikata katikati, kila mmoja akachukua kipande chake. Hawakuvivaa. Walikubaliana kwamba atakayetangulia kufa, aliyebaki atakuja na kipande chake, vishonwe tena viwe doti, marehemu afunikwe nayo ndani ya jeneza. Nilikuwa namwambia bibi, "Mke wangu, hiyo kanga nipe nifungie chapati, mtakufa lini nyie?" Ananirushia kandambili.

Simu ilipigwa jioni moja ya masika. Mdogo wake amefariki, maziko kesho saa nane mchana. Bibi hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, "Gari linakwenda?"

Gari lilikuwa limeanza kumisi wiki ileile.

Mama aliondoka na basi la alfajiri ili akasaidie jikoni. Mimi nikafungua boneti uani, bibi ametolewa na mkeka na mito yake barazani, ananitazama. Kumjua mgonjwa ni rahisi. Unawasha injini, unachomoa waya wa koili moja moja. Ukichomoa wa koili nzima, injini inazidi kulegea. Ukichomoa wa koili iliyokufa, injini haina habari. Nilipofika ya tatu, injini haikuwa na habari.

"Ni koili?" bibi akauliza.

"Inaweza kuwa plagi tu," nikasema. "Hizi zimechoka."

Nikamwacha na mtoto wa jirani wa kike, nikapanda baiskeli mpaka Mtendeni. Mzee wa duka la spea alikuwa ndiyo kwanza anafungua, ana kofia yake na kikombe cha kahawa. Nikamwamkia, nikamweleza msiba wa Usoke, nikataka plagi nne na koili moja.

"Plagi zipo," akasema. "Koili ya hilo sina. Inakuja na basi, kesho."

"Hata iliyotumika?"

"Hata iliyotumika. Lakini wewe ya nini? Marehemu baba yako alichukua ya mwisho kwangu, akaniambia inakaa ndani mpaka siku ya shida. Si ipo?"

"Ipo," nikasema.

"Basi nendeni mkamzike bibi yenu wa Usoke, Mwenyezi Mungu awape subira."

Nikaondoka na plagi zangu nne. Nilipitia stendi kumtafuta yule dereva teksi, nikaambiwa alishahamia Kahama zamani na gari lake. Koili ya baba yangu iko Kahama inafanya kazi vizuri.

Nyumbani nikafanya kila kitu kwa taratibu, kama baba alivyonifundisha. Injini ipoe kwanza. Puliza vumbi kwenye mashimo, lisidondokee ndani. Fungua nati ndogo, vuta koili ukiizungusha kidogo, maana mpira unashika. Ingiza spana ya plagi, fungua. Plagi tatu zilitoka na rangi ya kahawia nzuri. Ya tatu kwenye mstari ilitoka nyeusi, imelowa petroli, inanuka. Mafuta yanaingia, moto hakuna. Nikafunga mpya zote nne, nikianza kwa vidole kwanza ili uzi wa plagi usiumie, spana mwisho. Nikabadilisha koili, ya pili nikaiweka shimo la tatu, ya tatu nikaiweka la pili, nione. Nikawasha. Gari likatetemeka. Nikachomoa waya shimo la pili, injini haikuwa na habari. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili yake.

Bibi alikuwa anasikiliza. Miaka yote ya kuishi na baba, aliyekuwa dereva, masikio yake yalikuwa fundi.

"Bado," akasema. "Niletee sanduku."

Nikasema, "Mke wangu, tukodi gari. Nitakwenda stendi, nitapata."

"Nikodi gari la watu na la mwanangu lipo? Koili ipo, fundi yupo. Aliyenunua alijua siku hii itakuja. Lete sanduku."

Nikaleta. Akafungua, akatoa kile kipande cha kanga kilichokunjwa, akakikunjua juu ya mapaja yake polepole, na katikati yake likatoka boksi. Kanga akaibakiza. Boksi akanipa.

Nikasimama nalo. Nikaona hapa ndipo pa kusema, na nikasema. "Mke wangu, humu hamna kitu. Ile koili niliiuza nikanunua hizi raba. Humu kuna mbovu."

Bibi akacheka mpaka akashika nyonga. "Wewe? Ungekuwa na akili ya kuuza kitu tungekuwa na ghorofa. Funga, tunachelewa."

Ilibaki nafasi ya kulisema tena, kwa sauti nyingine, sauti ya mtu mzima ambayo sikuwa nimeitumia kwake hata siku moja. Sikuwa nayo karibu. Nikalifungua boksi nikampa mgongo, nikaifunga ile mbovu mahali pa mbovu mwenzake, nikakaza nati. Nikajifuta mikono kama fundi aliyemaliza.

Tukaondoka saa nne. Ukiwa na gari zima, Usoke si mbali. Njia ni lami, ileile njia ambayo wazee wanasema mababu waliipita kwa miguu, mizigo ya watu kichwani. Siku ile hata hao wangetupita. Kwenye tambarare tulikwenda kidogo. Kila mwinuko nilishusha gia mpaka ya kwanza, gari linagonga na kupiga chafya, moshi nyuma unanuka petroli. Bibi amelala kwenye mito, kanga kifuani, macho kwenye paa la gari.

"Hiyo koili umeifunga sawasawa?" akauliza.

"Nimeifunga."

"Mbona linatetemeka?"

"Ni umri, mke wangu. Hata wewe unatetemeka."

Mbele kidogo mshale wa joto ukapanda, ikabidi tusimame kwenye miombo tusubiri injini ipoe. Mama akapiga simu. Watu wamekaa, mchungaji amefika, mko wapi? Nikasema tunakaribia. Tulipowasha tukaenda kama nusu saa, ukapanda tena. Mama akapiga tena. Wingu limefunga, mchungaji ana maziko mengine kijiji cha pili, wazee wanaomba ruhusa ya bibi wazike. Nikampa bibi simu.

Akasikiliza. Akasema, "Wasubiri kidogo." Akasikiliza tena. Mvua ikaanza kupiga kioo, matone makubwa ya kwanza. Akasema, "Basi. Mzikeni, asinyeshewe." Akanirudishia simu, akaikunja kanga upya, mara nne, ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo.

Tulifika saa kumi kasoro. Mvua ilikuwa imekata. Wanaume walikuwa wanapigapiga tuta kwa migongo ya majembe. Nikalisogeza gari mpaka karibu na kaburi, nikamfungulia bibi mlango, akabaki amekaa hapohapo, miguu nje, kanga mapajani. Wanawake wakaja mmoja mmoja wakapiga magoti mbele yake.

Sasa kwetu msibani wajukuu wana kazi yao. Binamu yangu mmoja alikuwa amevaa gauni la marehemu na kitambaa chake cha kichwa, anatembea anachechemea kama yeye, anagombana na kuku, na watu wenye macho mekundu wanacheka. Marehemu naye alikuwa mke wangu, mke mdogo. Shangazi mmoja aliponiona tu akapaza sauti, "Huyo mume! Mke anazikwa, yeye anafika na kaburi limejaa. Ulikuwa kwa hawara gani?"

Watu wote wakanigeukia, wakisubiri. Ni zamu yangu, na kukaa kimya mjukuu pale ni kuwanyima watu haki yao. Kichwani sikuwa na mzaha hata mmoja. Kilichokuwepo ni kile kimoja tu, nikakitoa.

"Mimi ndiye niliyemchelewesha," nikasema. "Baba alinunua koili ya kutufikisha hapa leo. Niliiuza akiwa kitandani. Hii hapa nimeivaa miguuni." Nikainua mguu mmoja, raba imejaa tope la kaburi.

Wakacheka. Wakacheka kweli, shangazi ameshika mbavu, binamu katika gauni la marehemu akaja kuninusa raba akisema inanuka petroli. Mzee mmoja akanirushia sarafu, kama wanavyowatupia watani waliofanya kazi nzuri. Ikaangukia tope, sikuiokota. Nilimtazama bibi. Alikuwa anazitazama raba zangu. Hakucheka.

Watu walimshauri ailaze kanga yake juu ya tuta. Akasema hapana, itaoza na mvua na mbuzi wataila, haikukatwa kwa kazi hiyo. Tukalala Usoke. Asubuhi, mama akiwa kiti cha nyuma na vyungu, tulirudi taratibu, injini ikitetemeka vilevile. Tulipokaribia mjini bibi akasema, bila kunigeukia, "Raba hizo ulizinunua baba yako akiwa hai?"

"Ndiyo," nikasema.

Mama akauliza raba gani.

Jioni ileile basi likaleta koili Mtendeni. Nikaifunga. Ni kazi ya dakika tano, nati moja, waya mmoja. Gari likatulia, ukiweka glasi ya maji juu ya injini haimwagiki. Nikampelekea bibi lile boksi, na ile koili mbovu ndani, ili ajionee mwenyewe. Akalipima kwenye kiganja kama baba alivyokuwa akifanya, akanirudishia. Kanga ameiweka chini ya mto, na sanduku siku hizi halifungwi.

Kliniki anapanda gari kama kawaida, anaegemea mito, hasemi kwamba linakwenda vizuri wala vibaya. Uji ninaompikia anakunywa. Asubuhi nasimama mlangoni kwake nauliza, "Mke wangu, umeamkaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu," anasema.

Sikumpa shikamoo. Nimeamua kuanza kumpa.