Unga Usioungua

Usiku ule Esnath aliiatamia simu yake kama kuku aliye juu ya mayai. Binti yake, Yudith, alikuwa ameondoka Uyole mchana kwa basi la Iringa, anakosoma chuo, bila kula wala kuaga. Kama alifika salama, hakusema. Kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, mama aliinua kichwa. Simu haikulia. Na hata ingelia, angeanzia wapi?

Binti alikuwa amekuja likizo na mkoba mzito. Esnath, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, alimwona akiuficha chini ya kitanda, kisha akijifungia chumbani kusaga kitu kwenye kinu kidogo, amejifunga kitambaa puani. Msichana msomi, hana mume, anasaga nini kwa siri? Yudith alipokwenda sokoni, mama akaufungua mkoba. Ndani mlikuwa na vipakiti vya unga laini wa kijani kilichofifia, kila kimoja na alama yake. Moyo ukampasuka. Pale kwao watu wamehamishana kwa tuhuma za uchawi, kwa unga mdogo kuliko huo.

Badala ya kumngoja mwanawe amwulize, alimwita Bertha, kiongozi wa akina mama wa maombi. Bertha akaja na wenzake, wakawasha moto uani, wakautupa unga ndani huku wakikemea. Moto ukafifia pale unga ulipoangukia. Wakaongeza mafuta ya taa. Unga ukabaki vilevile.

"Hauungui!" Bertha akapiga kelele. "Mama Yudith, hiki si kitu kidogo!"

Majirani wakajaa. Unga ukazolewa kwa koleo, ukatumbukizwa chooni kwa nyimbo. Wimbo haujaisha, Yudith akaingia na mboga zake.

"Mama! Hayo ni mawe! Mawe ya mlima Rungwe, nimeyachambua na kuyasaga mwaka mzima!"

Akawaeleza palepale. Nyota changa huzungukwa na vumbi. Vumbi hilo likipata joto hutoa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni ila chombo huuona, na kila jiwe lina alama yake katika mwanga huo. Yeye hupima unga wa mawe ya kwao, na kuulinganisha na mwanga wa nyota, ajue vumbi la kule ni la jiwe gani.

"Zamu yangu ya chombo chuoni ni Ijumaa. Nitapima nini?"

"Vumbi la nyota!" mmoja akacheka. "Huyu bado hajafunguliwa kutoka kwa pepo."

Yudith akamtazama mama yake, amsemee. Esnath akatazama chini.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mawe yangeweza kuokotwa mengine.

Kulipokucha, Bertha alipita kumwambia kwamba Jumapili ataitwa mbele ya kanisa kushuhudia binti alivyookolewa. "Amina," Esnath akajibu. Kisha akapanda basi la Iringa. Kituoni Igawa wachuuzi walimpungia mahindi dirishani; hakununua.

Chumba cha Yudith kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ya wapangaji, kilimani. Akabisha.

"Nani?"

"Mama yako."

"Umewaambia ni mawe?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Bado, mwanangu."

"Basi rudi, Mama. Kule mimi ni mchawi. Nitakuja likizo kwa nani?"

Wapangaji wawili waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Esnath alitamani ardhi immeze. Akatoa simu, akampigia Bertha, akaweka sauti ya nje ili Yudith asikie.

"Gwe Mama Yudith!" Bertha akaitika. "Uko wapi? Tunakupangia wimbo wa Jumapili!"

"Nisikilize. Ule ulikuwa unga wa mawe, wa masomo yake. Mimi niliogopa, sikumwuliza, nikawaita."

"Kwa hiyo tulikemea kokoto?"

"Tulikemea kokoto."

"Mchungaji ameshatangaza! Unataka kutuaibisha?"

"Aibu ni yangu. Nyie semeni niliwaita. Nami nikisimama Jumapili, nitasema hivihivi."

Bertha akakata simu. Wale wa kufua wakainamia mapovu yao kwa bidii ya ghafla. Esnath akabaki amesimama, uso unamwaka. Hakubisha tena, hakuona ana haki hiyo.

Ndani, komeo likakwaruza. Mlango ukafunguka, si wote, kiasi cha kumtosha mtu mmoja kupita kwa ubavu.