Mtulinga wa Gwendal

Hortense Kerbrat, binti Yves aliyezalisha ng'ombe wa kijiji kizima cha Huelgoat, mjukuu wa Jeanne-Marie aliyepokea watoto jikoni vita vilipofunga barabara, yeye mwenyewe hakuzalisha mtu. Alibeba na kufua mashuka ya wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja. Lakini aliingia vyumba vya kuzalia, akaona, na hakusahau.

Mjukuu wake Gwendal alipozaliwa, alikataa ziwa la kushoto. Akiwekwa huko, alilia mpaka akawa mwekundu. Mkunga akasema asipoongeza uzito hadi Ijumaa, atarudishwa hospitali. Maëlle, mkwe wa Hortense, naye akalia.

Siku hizi kitovu hakijakauka, watu washauliza, "Mmeshampeleka kwa osteopati?" Basi wakampeleka kwa Bwana Thibaud, apapase mifupa na viungo. Alikuwa amevaa soksi nene za sufu. Akakishika kichwa cha mtoto, akafumba macho nusu saa.

"Fuvu linakumbuka safari ndefu," akanong'ona.

"Safari gani, bwana?" Hortense akadakia. "Sentimita kumi tu! Na mbona hujamvua nguo?"

"Mikono yangu inasikia kupitia kitambaa, Mama."

"Makubwa! Mimi hata shuka sikulifua bila kulikunjua."

Nyumbani Hortense akapasha mikono moto, akamvua mtoto juu ya meza. Mkono wa kushoto ulirukaruka. Wa kulia ulilala tu. Akapitisha kidole kwenye mtulinga wa kulia, ule mfupa kati ya shingo na bega, akagusa kivimbe kama punje ya dengu.

"Maëlle, mwanangu, vaa koti. Huyu amevunjika mtulinga alipokuwa anatoka tumboni. Niliona mmoja mwaka sabini na nne."

Picha ya hospitali ikasema hivyohivyo: mfupa utaunga wenyewe, ila asilalie upande huo, aliokuwa akiulalia kila alipowekwa ziwa la kushoto.

"Mshike kwapani, miguu nyuma," Hortense akaamuru, "kama mkate mrefu unaotoka nao dukani."

Gwendal akanyonya la kushoto mpaka akasinzia. Ijumaa mzani ukapanda. Bwana Thibaud akaandika barua gazetini kwamba mikono yake imefungua njia, na foleni mlangoni kwake ikarefuka.

"Na hukasiriki, mama?" Maëlle akauliza.

Kabla hajajibu, simu ikalia: jirani amejifungua, mtoto hanyamazi. Hortense akamsukumia Maëlle koti.

"Nenda wewe. Nawa, pasha mikono moto, mvue nguo zote, mtazame mikono yote miwili. Ukishamaliza, waende kwa yule wa soksi wakitaka."