Siku Rimu Ilipogongwa Haraka

Lori la kahawa lilipoanguka kwenye kona yetu, huku Uru mlimani, mimi nilikuwa bado sijaota ndevu. Masika yalikuwa yameifanya barabara iteleze kama bamia. Dereva hakuumia. Alitokea dirishani, akaketi juu ya jiwe, akawa anaangalia magurudumu yanavyozunguka hewani kana kwamba lori ni la mtu mwingine. Mama yangu alimpelekea bakuli la mtori wa ndizi, naye akalimaliza, akaomba tena. Kahawa ilikuwa imemwagika mpaka chini kwenye migomba, na watu wa kitongoji kizima walitoka na vikapu kuiokota. Tuliokota kwa uaminifu, nataka mjue hilo, maana watu wa mjini hupenda kutusema. Ila tuliiokota na udongo wake, na kokoto, na sijui na nini, hata dereva alipojaribu kunyanyua gunia alisema, "Jamani, mzigo umenenepa njiani!"

Lori lilivutwa likaenda zake. Rimu moja iliyopinda ikabaki mtaroni. Balozi wa nyumba kumi wa enzi zile akaitundika kwa mnyororo kwenye mti wa mringaringa ulio mbele ya nyumba yake, na kipande cha nondo pembeni cha kugongea. Tangu hapo hatukupiga tena yowe. Mwizi wa ng'ombe, nyumba kuungua, mto kufurika: rimu. Na sheria ilikuwa moja, wala hakuna aliyeiandika. Ukiisikia, unaacha unachofanya, unakwenda, na unakwenda na panga. Msituone wakali. Ng'ombe wetu hawachungwi, wanalishwa zizini hapo nyumbani, kwa hiyo saa nyingi za mchana mtu wa huku ana panga mkononi, anakata majani. Rimu ikilia anakimbia nalo tu.

Balozi alikufa, rimu ikabaki. Siku hizi mwanawe ndiye mwenyekiti wa kitongoji, nyumba ileile, mti uleule. Baba yangu naye alinitoa shule darasa la nne nikate majani, tena hakuniuliza. Tuyaache hayo.

Nilitaka kusema habari za jirani yangu wa chini. Ni mama mjane, rika langu, tulipata kipaimara pamoja. Ana mtoto mmoja wa kiume, fundi muashi, ambaye alikuwa akijenga kule Njoro mjini. Mkono wake ulikuwa mzuri. Akipanga mawe unatamani usiyapige lipu. Halafu akaanza kutolala. Akawa anasema ukuta unamsema. Wenzake wakamrudisha nyumbani kwa mama yake, na haikuchukua muda akavunja vyombo vyote vya jikoni, akawa anamfukuza kila anayesogea. Rimu ikagongwa. Mimi siku hiyo nilikuwa mjini, lakini nilisimuliwa mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo. Watu walijaa uani na mapanga yao, yeye akazidi kuwa mkali, na mwisho mama mwenyewe, kwa hofu, akasema, "Mfungeni." Akawapa kamba ya ng'ombe kwa mkono wake. Wakamfunga, wakamtupa kwenye pikapu, wakashuka naye hospitali.

Alitibiwa, akarudi mtulivu, amenenepa kidogo. Akavaa mashati ya mikono mirefu hata jua likiwaka, kuficha alama za kamba. Alikula alichopikiwa, alipasua kuni, alikwenda kanisani. Ila toka siku ile hakumwita mama yake mama. Hakumwita chochote. Akitaka chumvi anasubiri mpaka mama aangalie upande wake.

Jirani yangu aliniambia kwenye ukingo wa mfereji, tukichota maji, "Meku" (ndivyo wanavyotuita wazee huku) "mimi sina ombi lingine. Akizidiwa tena, asifungwe tena. Watakuja na mapanga, yeye atawarukia, watanikatia mtoto wangu."

Nilimwona jinsi anavyohesabu watu wakipita na mapanga yao, watu wale wale waliokuwa wakimsalimia.

Ndipo tukaletewa polisi wa kata mpya. Mtu wa Singida, mweusi, mfupi, anacheka polepole. Tulidhani amekuja kukamata wapika gongo, kumbe alianza kwa kuitisha mkutano pale chini ya rimu. Akauliza mto ukifurika wazee wasiojiweza wanapelekwa wapi. Akauliza nani ana pikipiki, nani ana tochi, funguo za darasa la shule ya Jumapili zinakaa kwa nani. Mambo ya maana, ila hatukuwahi kuulizwa. Tukapanga. Halafu akasema habari za wagonjwa wa akili. Akasema kichaa ni neno la kuliacha, sema mgonjwa, na mgonjwa haendewi na panga. "Kuanzia leo," akasema, "rimu ikigongwa haraka haraka, ni mwizi, moto au maji, njooni kama mlivyozoea. Ikigongwa polepole, na kupumzika katikati, ni mgonjwa. Njooni mikono mitupu. Mmoja anaongea, wengine mnakaa mbali, tena mnakaa chini."

Kicheko kilikuwa kikubwa.

"Afande, na chui akishuka mlimani tugonge mdundo gani?"

"Afande, huko kwenu Singida mnagongea kuku?"

"Kuku wetu mnawala nyie kila Krismasi," akasema, "na hamjawahi kusema asante."

Hapo watu wakampenda. Kumpenda mtu na kumsikia ni vitu viwili. Tulirudi nyumbani tukiigiza ule mdundo wa polepole kwenye sufuria, wake zetu wakatufukuza jikoni.

Masika yaliyofuata yalikuja na maji mengi. Sisi huku tuna mifereji ya babu zetu, inatoa maji mtoni juu na kuyapitisha kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kwa zamu. Mvua ikizidi unafunga juu, maji yanarudi korongoni. Asubuhi moja nikiwa zizini nikasikia rimu. Haraka haraka. Nikasema maji hayo. Nikatoka na panga langu, na gamba la mgomba nimejifunika kichwani.

Maji yalikuwa kweli. Lakini nilipofika nikaona sababu yake. Yule fundi alikuwa amesimama ndani ya mfereji, maji mpaka magotini, mtarimbo mkononi, na nyuma yake ukuta wa mawe alioujenga tangu alfajiri kuziba njia. Maji yalikuwa yamekosa pa kupita, yanamwagika pembeni, yanashuka moja kwa moja kuelekea zizi la mwenyekiti. Kumbe mke wa mwenyekiti ndiye aliyegonga rimu, na mdundo wa polepole hakuukumbuka hata kidogo, nani angeukumbuka ng'ombe wake wakiogelea? Ukuta wenyewe, niseme kweli, ulikuwa umekaa vizuri sana.

"Yana sumu!" alikuwa akipaza sauti. "Msiyanywe! Nimewazibia!"

Kwa hiyo alikuwa akituokoa. Na sisi tuliomzunguka kwenye kingo zote mbili tulikuwa na mapanga.

Afande alifika mbio, viatu vimejaa tope. "Wekeni chini! Nimewaambia nini? Wekeni mapanga chini!" Hakuna aliyemsikia, au wote walimsikia na kila mmoja akasubiri mwenzake aanze. Mwenyekiti akawa anapiga kelele ng'ombe wake, ng'ombe wake. Mwingine akasema leteni kamba. Neno hilo kamba lilipofika mferejini, fundi akaunyanyua mtarimbo kwa mikono miwili.

Ndipo jirani yangu akatokea mpakani mwa kihamba chake. Alikuwa amechuma jani la isale. Asiyejua, isale ni ule mmea mwembamba tunaoupanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake lililofungwa fundo, amekuja kuomba msamaha. Hukatai. Hata kama ulikuwa umeapa, hata kama mmefika mahakamani, hukatai. Wachungaji wamehubiri, mashangingi yamenunuliwa, na isale bado hatulikatai. Wala hushiki panga mbele yake. Nilisikia mapanga yakiwekwa kwenye majani, moja hapa, moja pale, langu pia.

Tulidhani anamwombea mtoto wake msamaha kwetu. Mwenyekiti alikwisha nyoosha mkono apokee, uso wa mtu mkubwa. Mama akampita. Akatupita sote. Magoti yake hayakuweza kushuka kule mferejini, akamshika afande mkono, akampa jani.

"Mpelekee."

"Nimwambieje, mama?"

"Mpelekee tu."

Afande akashuka. Aliacha kofia kwenye nyasi, na rungu lake akaliacha hapohapo. Akaketi juu ya ule ukuta wa mawe, miguu ndani ya maji, kama mtu anayesubiri kunyolewa, halafu akamnyooshea lile jani.

Fundi akaliangalia muda mrefu. "Wewe si mtu wa Singida?"

"Ndiyo."

"Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui. Ni jani. Mama amenipa nikuletee."

Na fundi akacheka. Jamani, hatukuwa tumemsikia akicheka tangu arudi kutoka Njoro. "Amekutuma kitu kizito hivi na hujui!" Kisha akaushusha mtarimbo kidogo. "Mbona ananiomba yeye msamaha? Mzazi hamletei mtoto isale. Msamaha wa nini?"

Kule juu mama akajibu mwenyewe, sauti ndogo, lakini wote tulisikia.

"Wa kamba."

Maji yaliendelea kwenda kwenye zizi la mwenyekiti. Fundi aliegemeza mtarimbo kwenye ukingo. Akalipokea jani, akalitia mfuko wa shati, upande wa kushoto.

"Nitashuka hospitali," akamwambia afande. "Gari sipandi."

"Gari sinalo. Hata pikipiki yangu imekufa klachi."

"Na mawe yangu wasiyabomoe hovyo."

"Bomoa mwenyewe."

Akayatoa mwenyewe, moja baada ya jingine, akiyapanga ukingoni, na maji yakarudi njia yake. Kisha wakashuka kwa miguu mpaka mjini, wawili tu, mikono ya fundi inaning'inia wazi. Mama alisimama pale mpaka walipopotea kwenye migomba. Mke wa mwenyekiti alikuja kumwomba radhi kwa mdundo. Mama akamwambia, "Mae" (ndivyo tunavyowaita kina mama huku) "hata mimi ningegonga hivyohivyo."

Fundi alirudi kiangazi. Dawa alizimeza vizuri, na siku ya kliniki afande alipitia kwao wakashuka pamoja, wakibishana kama mtama ni chakula au ni cha ndege. Akajenga upya mlango wa mfereji kwa saruji na mawe yaleyale. Ukipita leo utauona, umesimama wima. Na alimwita mama yake mama. Siku ya kwanza nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuazima nyundo. Alisema, "Mama, chumvi," na yule mama akaenda kuitafuta chumvi kule nyuma ya nyumba, ambako hakuna chumvi, akakaa huko kidogo.

Mdundo wa polepole tumeujua sasa. Umeshagongwa kwa binti mmoja wa juu na kwa mzee aliyefiwa, na watu walikwenda mikono mitupu, wakakaa chini kwenye nyasi. Mimi huwa nabaki bila pa kuweka mikono yangu, naiweka makwapani.

Watu huniuliza fundi alikwenda wapi, hasa wajukuu wakija Desemba. Afande alimuulizia kwa mafundi wote wa Njoro, akapiga simu mpaka kwao Singida, bila kupata habari mbaya wala nzuri. Alisema mtu mzima aliye na akili zake akitaka kuondoka, polisi hana neno la kumzuia. Mama yake anasema hilohilo kwa namna yake. Bado anapika ugali wa watu wawili. Nimemuuliza kama anajuta, akaniambia nichote maji niende.

Mimi nilimwona siku aliyoondoka. Nilikuwa langoni nafunga mzigo wa majani. Alivaa shati safi, la mikono mifupi, na mfuko wake wa kazi begani, mwiko umechomoza.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Unashuka?"

"Nashuka."

"Dawa umechukua?"

Akapiga mfuko kidogo, zikalia ndani ya kopo. "Mama nimemuaga."

Mama yake alikuwa nyuma, kwenye kona ya nyumba yao, amejifunga kanga kiunoni. Upande wa pili mwenyekiti alikuwa ametoka uani, na nikaona ameshika kile kipande cha nondo. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mae, nigonge? Ile ya polepole?"

"Ya nini?" akasema mama. "Mtu anatembea."

Mwenyekiti akakirudisha kipande mahali pake. Fundi alipita kwenye mlango wa mfereji, akaupapasa kwa kiganja bila kusimama, akaruka maji, akashika njia ya kona ile lilipoanguka lori. Mikono yake ilikuwa wazi, inacheza huku na huku. Akakata kona, na hajarudi.