Mwalimu Zaituni Aenda Kuomba Moto

Mwaka 1987 alikuwapo Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwalimu mmoja wa kutoka Ujiji, Zaituni binti Sadala, aliyevuka mpaka kuja kufundisha watoto wa wakimbizi. Darasani alipendwa. Lakini nyumbani! Miezi mitano, na hakuna jirani aliyekanyaga kizingiti chake. Si kwamba alikuwa mchoyo, la. Aligawa chumvi, akagawa sabuni. Watu wakapokea kwa mikono miwili, wakaenda zao. Mwishowe akaandika barua ya kuomba uhamisho, akaifungia sandukuni. “Idi hii nawaalika,” akajiambia. “Wasipokuja, naituma.”

Siku moja kabla ya Idi akapanda lori hadi Mbarara, dukani kwa Swabulah, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, kununua mchele na bizari.

“Nyabo, bibi yangu, wewe napatia watu, napatia tu,” Swabulah akamwambia. “Kwao, wewe uliomba nini?”

“Niwaombe nini, dada, nao ni wakimbizi?”

“Haya. Baki gavumenti, ya kupatia watu tu!”

Njiani kurudi mvua ikamkuta, vibiriti vikalowa. Asubuhi ya Idi Zaituni alijaribu njiti moja moja, wapi! Mchele umeoshwa, kuni zipo, wageni wamealikwa adhuhuri, na moto hakuna. Akaokota kigae, akavuka ua hadi kwa Mama Mukarugwiza, Mnyarwanda wa makamo ambaye siku zote waliamkiana kwa mbali.

“Hodi, mama. Naomba moto.”

“Moto?”

“Moto, mama. Sina.”

Yule mama akapiga kofi mapajani. “Yee! Papa Kasereka! Njoo usikie! Mwalimu ameomba moto!”

Papa Kasereka, fundi cherehani wa Kikongo wa nyumba ya tatu, akatoka mbio, futi shingoni. “Kweli? Miye nilizania huyu mwalimu anakulaka vibiriti!”

Zaituni akacheka mpaka kigae kikatikisika mkononi. “Kwani kosa langu nini?”

“Kwetu jirani ni yule mnayepeana moto,” Mama Mukarugwiza akasema. “Adui hatumpi. Lakini wewe hukuomba hata siku moja! Tulikuwa hatujui tukuweke wapi.”

Akachagua makaa matatu makubwa, akayabeba mwenyewe, akapiga magoti penye mafiga ya Zaituni na kupuliza. Moto ulipowaka hakuondoka; akavuta kinu, akaanza kutwanga kitunguu saumu kana kwamba jiko ni lake. Papa Kasereka akaleta sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, na watu wake wote nyuma. Adhuhuri ua haukuwa na pa kutia mguu. Pilau iliungua chini, wakagombania ukoko kwa lugha nne.

Kesho yake alfajiri, hodi! Mama Mukarugwiza, kigae mkononi.

“Mwalimu, naomba moto.”

Nyuma yake, juu ya paa lake mwenyewe, moshi ulikuwa unapanda, mzito, mweupe. Zaituni akauona.

“Karibu ndani, mama. Keti.”

Akafukua jivu. Kaa moja tu lilikuwa hai, nalo linasinzia. Lilihitaji karatasi kavu. Akafungua sanduku, akatoa ile barua ya uhamisho, akaipasua vipande viwili, akavitia juu ya kaa, akainama kupuliza.