Jasho la Rangi ya Chungwa

Mimi kinyaa ninacho tangu utotoni. Nikiona unywele kwenye sabuni, chakula cha siku hiyo basi tena. Sasa Mungu kwa utani wake akanipa wifi mwenye kifua kikuu na kisigino kibovu, halafu akamtia kichwani wazo la kukimbia nusu marathoni.

Wifi ni msusi. Saluni yetu ni chumba kimoja: yeye anasuka, mimi napaka rangi za kucha. Alipoanza kukohoa wateja wake wakapungua, alipoanza dawa wakaisha kabisa. Muuguzi wa kliniki alikuja mwenyewe kuwaeleza kwamba dawa zimeshamkolea na haambukizi mtu tena. Wakamsikiliza kwa heshima zote, wakahamia saluni ya pili. Kiti chake kikabaki kitupu, na kaka yangu naye kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo.

Ndipo zikatangazwa mbio za hisani, nusu marathoni, kuchangia wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wifi akasema atakimbia. Watu wakimwona amemaliza, wataamini kifua chake ni kizima na watarudi kitini. Daktari alimruhusu kwa shingo upande: aende mdogo mdogo, na homa ikipanda aache.

Mazoezi yake yalinitia kichefuchefu, sifichi. Alikuwa anarudi asubuhi anachechemea, malengelenge yamepasuka, kisigino kimeumuka kama andazi, na anakiloweka wapi? Kwenye beseni langu la kucha. Vidonge vikimchafua tumbo alitapika kando ya barabara, akafuta mdomo, akaendelea. Na lile jasho! Dawa zile hugeuza jasho kuwa la rangi ya chungwa, kwa hiyo fulana nyeupe ya kamati ya mbio ilirudi na mgongo mzima umeiva. Niliifua kwa ncha za vidole, uso nimeugeuzia dirishani.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja tunayemwita Madam. Wifi alimsuka miaka nenda miaka rudi, tangu nywele zake zikiwa nyeusi bila kusaidiwa. Siku ya kwanza ya mazoezi ya pamoja alimkumbatia wifi mbele ya watu. Kisha akauona ule mgongo wa fulana. Wiki iliyofuata akaja saluni, akasimama mlangoni na mtandio puani. Kwa sauti ya asali akaeleza kwamba picha ya wifi imeshawekwa kwenye bango kubwa, wafadhili wameguswa sana, ila siku yenyewe ni vizuri apumzike nyumbani.

"Watu wana wasiwasi, mpenzi," alisema. "Picha yako inatosha."

Hapo kinyaa changu kikahama. Kikamwangukia yule mama na manukato yake. Sura ya wifi ichangishe, mwenyewe asionekane.

"Nimeshajiandikisha, Madam," wifi akajibu. "Nitakuja na sura yangu."

Akaja nayo. Nilimsubiri mwisho wa mbio, karibu na meza ya maji. Wenzake wote walipewa vikombe mkononi. Yeye, binti wa mezani alimwekea chake chini, akarudi nyuma. Wifi akainama, akanywa, akauburuta mguu hadi kwenye utepe, chini ya bango lenye uso wake. Alikuwa wa mwisho, na hakukohoa hata mara moja. Madam alimvika medali kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya mtegoni. Halafu akashika kipaza sauti akamwita shujaa wetu, watu wakapiga makofi. Wifi akamuuliza polepole kama Jumatatu amwekee nafasi. Madam akatabasamu, akasema atakuja, lazima.

Jumatatu wifi alifagia mapema, akapanga vitana, akatandika taulo safi kitini. Tukasubiri. Mchana ukapita. Jioni akaingia dereva wa Madam na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na wigi. Madam anasema wigi lisukwe mtindo wake uleule wa siku zote, alitueleza dereva huku anaangalia viatu vyake, na likimalizika lioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kurudishwa.

Wifi alilitoa wigi, akaligeuza huku na huku. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kukung'uta, na nilijua analiwazia hilo. Akalirudisha mfukoni, akafunga fundo.

"Mwambie mimi nasuka vichwa."

Dereva akaondoka na mfuko wake. Wifi akalivuta beseni langu la kucha bila hata kuniomba, akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya lile taulo safi, akatumbukiza kisigino. Nikakunja mikono ya gauni, nikaanza kumkanda.