Nafasi ya Enoch kwenye Bamba la Stesheni

Wako watu hapa Skelby wanaosema jina la Enoch Pickersgill liliwekwa kwenye bamba la stesheni kwa huruma ya wakubwa. Waongo. Liliwekwa kwa sababu ya dada yake, Dorcas, na tambara lake. Mimi nilikuwa nikiuza chai hatua kumi kutoka pale, nikaona kwa macho yangu, na anayetaka kubisha aje abishe na mimi.

Dorcas alikuwa mfagiaji wa stesheni. Mwanamke mfupi, mikono kama ya mwashi, kofia moja miaka kumi na minne. Aliwafokea abiria, akamfokea hata kasisi kwa viatu vyake vya tope. Wazazi walikufa mapema, akamlea Enoch mwenyewe, na kazi kubwa ya malezi hayo ilikuwa kumwamsha. Yule kijana alichelewa kila kitu, shule, kanisa, chakula. Alipoajiriwa uchukuzi wa mizigo hapa hapa stesheni, Dorcas alimwingiza getini kila asubuhi kwa kumsukuma mgongoni.

Vita vilipoanza, mwezi wa Agosti, mfanyakazi wa Kampuni ya reli aliyetaka kwenda vitani alipaswa kwanza kuchukua barua ya ruhusa kwa nyapara. Mwenye barua alihesabiwa bado mtu wa Kampuni. Asiye na barua ameacha kazi. Siku wenzake walipoondoka, Enoch alifika kwa nyapara saa sita imeshapita, akakuta mlango umefungwa. Garimoshi likapiga filimbi. Akalidandia hivyo hivyo, bila barua. Amezikwa Ufaransa.

Vita vilipokwisha, Kampuni ikatundika bamba la shaba ukumbini, karibu na dirisha la tiketi: majina arobaini na moja ya wafanyakazi waliokufa, kila mmoja na kazi yake. Kulisugua kila Ijumaa ikawa kazi ya Dorcas. Akasoma toka juu mpaka chini. Enoch hayumo.

Akaenda kwa stesheni masta, Bwana Thackray.

"Bi Dorcas, kanuni ni kanuni. Enoch aliacha kazi."

"Aliacha kazi? Aliacha roho!"

"Hana barua."

"Basi na mimi sina mkono."

Ijumaa hiyo akapanda kistuli chake, akasugua mahali pamoja tu: pale chini kabisa, chini ya jina la mwisho, upana wa kiganja, hapana hata herufi. Ijumaa ya pili vile vile. Moshi wa stesheni hauna mchezo. Baada ya miezi miwili majina yote yalikuwa kahawia kama sufuria ya zamani, na pale chini panang'aa, unaweza kujitazama meno.

Abiria wakawa wananiuliza, "Mama, pale pana nini?"

"Pale pana Enoch," nawajibu, namimina chai.

Mama Percy, yule mjane Ogden ambaye mwanawe yumo kwenye bamba, akaja amevimba.

"Dorcas! Percy wangu amekukosea nini hata umwache awe mweusi?"

"Hajanikosea. Yeye ana jina. Tambara hili hapa, msugue."

"Kwani mimi ndiye mfagiaji?"

"Hapana. Wewe ndiye mama yake."

Mama Percy akalinyakua tambara, akamsugua Percy mpaka akawaka. Percy peke yake. Jirani zake wala hakuwagusa. Kisha akaja kwangu akanywa vikombe viwili, akala na skonzi. Wiki iliyofuata wakaja kina mama wanne, kila mmoja na tambara lake, kila mmoja na mwanawe. Bamba likawa madoadoa kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Bwana Thackray alikaribia kulia. Tarehe kumi na moja Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mkubwa wa Kampuni angekuja kuweka shada la maua. Akamwagiza mchukuzi mmoja alisugue bamba. Mchukuzi akamtazama Dorcas, akasema mgongo unamuuma. Wiki ile wachukuzi wote waliumwa mgongo.

Siku ikafika. Saa tano kamili asubuhi garimoshi la Leeds likasimama, dereva akavua kofia, tukanyamaza dakika mbili. Kisha yule mkubwa, mzee mrefu wa masharubu, akalisogelea bamba, akainama.

"Hapa chini panang'aa na hapana mtu. Kwa nini?"

Bwana Thackray akakohoa. Dorcas akamwahi.

"Pana mtu. Enoch Pickersgill, mchukuzi. Hakuiwahi barua ya nyapara. Alichelewa."

"Alichelewa kwa nini?"

"Ndivyo alivyozaliwa, bwana."

Watu wakacheka kidogo. Bwana Thackray hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Siku ile hakuchelewa," akasema. "Ni njiwa. Tuliletewa matenga sita ya njiwa wa kushindana mbio za angani, wafunguliwe hapa saa sita kamili. Mimi nilimkataza asiondoke mpaka wa mwisho aruke na saa iandikwe. Akaandika. Kitabu ninacho."

Dorcas akamgeukia. Nilidhani atamvisha ndoo.

"Miaka minane, Bwana Thackray," akasema. "Miaka minane namsema marehemu kwa uvivu."

Yule mkubwa akavaa kofia yake. "Kama alikuwa akifungua njiwa wetu," akasema, "alikuwa kazini. Mwandikeni."

Mchongaji alikuja Desemba, akalichonga jina pale chini. Ijumaa ya kwanza baada ya hapo Dorcas alianza juu kabisa, akateremka polepole, wote arobaini na moja, hata Percy ambaye hakuhitaji. Alipofika kwa Enoch tambara lilikuwa jeusi tii.

"Shoga, mpe basi tambara safi," nikamwambia.

"Wenzake hawakupewa," akasema. "Na asiwe na haraka. Leo hana pa kuchelewa."

Akaligeuza upande wa pili, akaanza na herufi ya kwanza.